Somo: Kuanzisha bustani ya pamoja mtaani, hatua kwa hatua

Bustani yetu ya kwanza haikuuawa na wadudu wala ukame. Iliuawa na "mimi nilijua wewe umemwagilia". Tulikuwa kaya kumi na moja, bomba moja lenye kufuli, na ufunguo mmoja mfukoni mwa mwenzetu aliyesafiri. Aliporudi siku ya tisa, miche ya nyanya ilikuwa imelala chini kama kamba za viatu. Ndiyo maana somo hili linaanza na watu, jembe linafuata.

Hatua ya 1: Kaeni chini, andikeni

Karatasi moja inatosha. Nani anamwagilia siku gani, nani anavuna na kiasi gani, ufunguo unakaa wapi, na asiyetokea zamu yake anafanywaje. Mengine yatajitokeza yenyewe.

Kuna wanaolima eneo lote kwa pamoja na kugawana mavuno, na kuna wanaogawana matuta, kila kaya na lake. Mimi napendelea mchanganyiko: kila kaya tuta moja, halafu kipande cha wote kwa mimea inayotambaa kama maboga na kwa miti ya matunda. Shamba la wote peke yake, kwa nilivyoona, huishia kulimwa na watu watatu na kuvunwa na thelathini.

Kwenye adhabu, anzeni kidogo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza misitu, malisho na mifereji ya umwagiliaji inayotumiwa kwa pamoja. Katika ile iliyodumu, mara nyingi watumiaji wenyewe walishiriki kutunga sheria, na adhabu ilianza nyepesi ikapanda kwa anayerudia. Kwetu, ukikosa zamu mara ya kwanza unakumbushwa, ya pili unafanya zamu mbili, ya tatu tuta linakwenda kwa anayesubiri. Hatujafika ya tatu ila mara moja, na aliyenyang'anywa alikuwa mmoja wa waliotunga sheria hiyo.

Hatua ya 2: Kiwanja

Ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi na itaje muda. Udongo unahitaji misimu kadhaa kutengemaa, na kuhamishwa mwaka wa pili kunauma.

Ulizeni pale palikuwa na nini zamani. Karibu na nyumba kuukuu zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, au kandokando ya barabara kubwa iliyopitiwa na petroli yenye risasi, udongo unaweza kuwa na sumu hiyo hadi leo. Haionekani na haiozi. Pimeni maabara. Mkiwa na shaka, jengeni matuta ya kuinuliwa, mjaze udongo safi kutoka kwingine, na hata hivyo osheni mavuno vizuri.

Kisha jua. Nyanya, pilipili na maharage yanataka angalau saa sita kwa siku; mboga za majani huvumilia pungufu. Nendeni kiwanjani asubuhi, mchana na jioni kabla ya kuamua, kwa sababu ukuta wa jirani una kivuli kinachotembea.

Hatua ya 3: Usomeni udongo

Hapa ndipo ninapopapenda. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji karibu ijae na tone la sabuni, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Iweke mahali pasipoguswa. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Kesho yake utaona mistari kama ya kitambaa. Mstari wa mchanga ukiwa mnene, maji yatapita kama kwenye chujio. Wa mfinyanzi ukiwa mnene, mtalima matofali. Dawa ya yote mawili ni ileile: mboji, na mboji tena.

Hatua ya 4: Matuta

Upana usizidi mita 1.2, ili mtu afikie katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Udongo uliokanyagwa hushindiliwa, mizizi ikakosa hewa. Njia ziwe za sentimita 50 hivi, lakini njia kuu iwe walau 90, toroli na kiti cha magurudumu vipite.

Hatua ya 5: Mboji

Rundo la mita moja kila upande ndilo linalopata joto vizuri. Kwa ndoo moja ya mabichi (maganda, majani mabichi) weka mbili au tatu za makavu (majani makavu, karatasi, mabua). Likinuka, limezidi mabichi au maji. Ongeza makavu uligeuze. Nyama na mafuta yasiingie, panya watahamia.

Hatua ya 6: Maji

Kadiria lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki isiyo na mvua. Tuta la mita 1.2 kwa 4 ni mita za mraba 4.8, yaani lita 120, sawa na keni kumi na mbili za lita kumi. Matuta kumi na moja ni keni 132. Mnaona sasa kwa nini zamu ziliandikwa kabla ya mbegu kununuliwa? Matandazo ya nyasi kavu yatapunguza kazi. Kabla ya kumwagilia, choma kidole udongoni: kikitoka na unyevu, rudi nyumbani.

Hatua ya 7: Pandeni

Msimu wa kwanza wekeni kitu cha haraka. Figili huwa tayari kwa takriban wiki nne, na aliyekwishavuna haachi zamu. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja wenye magonjwa ya kufanana; zisifuatane kwenye tuta lilelile.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nina samadi ya kuku ya bure, bado mbichi. Niitandaze?

Marahaba. Usiitandaze. Inaunguza miche na ina vimelea. Ichanganye kwenye mboji iive. Ukilazimika kuifukia ikiwa mbichi, pisha siku 120 kabla ya kuvuna chochote kinachogusa udongo.

Mwalimu, kuna mtu anatuchumia nyanya usiku. Tuweke uzio?

Sisi tulipanda tuta moja nje kando ya njia, tukaandika kibao: "Chuma hapa." Wizi haukuisha, ila ulipungua sana. Pia chumeni nyanya zikianza tu kubadilika rangi, zitaivia ndani.

Jirani yangu wa tuta anapuliza dawa, upepo unaleta kwangu. Nimwambieje?

Usimwambie peke yako, dada, peleka kwenye kikao. Dawa haina mpaka, kwa hiyo si suala la tuta lake. Vidukari vingi hutoka kwa kuvipiga maji kwa nguvu. Ikibidi dawa, kikao kikubali, na ipulizwe jioni nyuki wakishaondoka, siku isiyo na upepo.

Magoti yangu hayakubali tena kuinama. Je, nitoke?

Usitoke, mama yangu. Miche hukuzwa mezani, na tuta likiinuliwa sentimita 70 unalima ukiwa umekaa. Tena daftari la zamu linahitaji mtu anayekuwepo kila siku. Letu linashikwa na bibi mmoja, na hakuna anayethubutu kumdanganya.

Na ule ufunguo wa bomba, mliumalizaje?

Tulinunua kufuli ya namba. Kila kaya inaijua, na inabadilishwa mtu akitoka. Ufunguo wa zamani tumeufunga kwa uzi kwenye daftari la zamu.