Supu nzito ya soseji na tambi kwa usiku wa baridi

Supu hii huharibikia mahali pawili tu: soseji zikiingia sufuriani kabla haijapata moto, na tambi zikitumbukizwa mapema. Mengine yanasameheka. Karoti ikizidi, kitunguu kikipungua, maharagwe yakiwa ya aina nyingine, bado watu watanyanyua bakuli kuomba waongezewe. Kwa hiyo hatua hizo mbili zimeelezwa hapa kwa kirefu, na nyingine kwa ufupi.

Vipimo vinatosha watu 6. Kazi yote huchukua kama saa 1, pamoja na kukatakata.

Unahitaji:
Soseji mbichi, gramu 500
Tambi fupi (makaroni au za umbo la kombe), gramu 200
Mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa 1
Kitunguu maji kikubwa 1, karoti 2, mabua 2 ya seleri
Vitunguu saumu, punje 4
Nyanya nzito ya kopo, ile ya kukolezea mchuzi, vijiko vikubwa 2
Nyanya za kopo gramu 400, au nyanya mbivu 5 zilizomenywa
Mchuzi mwepesi wa kuku au wa mifupa, usio na chumvi, lita 1.5
Maharagwe meupe yaliyokwisha kuiva, gramu 250
Spinachi, gramu 150
Oregano kavu kijiko 1 cha chai, shamari iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, pilipili manga, chumvi, na siki kidogo

Hatua ya 1: Matayarisho

Katakata kitunguu, karoti na seleri vipande vidogo vinavyolingana, ili viive pamoja. Pasua ngozi ya kila soseji kwa ncha ya kisu kutoka mwanzo hadi mwisho, uivue na kuitupa. Ikibaki, ndani ya supu huwa kama mpira. Nyama iliyotoka imegue vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Usivifanye vidogo zaidi, maana vitapungua vikikaangwa.

Kama soseji zako zimeshaiva au zimekaushwa kwa moshi, zikate visahani vya sentimita 1, zikaange mpaka zipate rangi, uziweke kando. Zirudishe dakika 5 za mwisho tu. Zikitokota muda mrefu hukakamaa na kumwaga chumvi yake yote kwenye mchuzi.

Hatua ya 2: Kukaanga soseji

Tumia sufuria yenye kitako kizito, ya lita 5 au zaidi. Iweke tupu kwenye moto wa kati unaoelekea kuwa mkali kwa dakika 2. Dondoshea tone la maji: likichachatika na kukauka papo hapo, sufuria iko tayari. Sasa tia mafuta.

Panga vipande vya soseji vikiwa na nafasi kati yake, kisha viache. Usikoroge kwa dakika 3 kamili. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mkono hauwezi kutulia. Nyama inahitaji kugusana na chuma cha moto bila kusumbuliwa ili uso wake ugeuke kahawia, na hiyo kahawia ndiyo ladha ya supu nzima. Maji hayavuki nyuzi joto 100, ilhali rangi hiyo huja vizuri uso wa nyama ukifika nyuzi 140 na kuendelea. Ukijaza sufuria, nyama hutoa maji kuliko yanavyoweza kukauka, nayo hubaki ya kijivu, imechemka badala ya kukaangika. Kaanga kwa mafungu mawili. Maji yakishatokea, usiyamwage: ongeza moto, subiri yakauke, kisha endelea.

Geuza vipande, vipe dakika 3 nyingine, uviopoe. Visipoiva katikati si neno, vitamalizikia kwenye mchuzi. Acha vijiko vikubwa 2 tu vya mafuta, mengine yachote. Usioshe sufuria. Ukoko ulioganda chini unauhitaji.

Hatua ya 3: Kitunguu, nyanya na ukoko

Punguza moto uwe wa kati. Tia kitunguu, karoti, seleri na chumvi kidogo sana. Chumvi huzitoa maji, na maji hayo huanza kulainisha ukoko. Kaanga dakika 8, kisha tia vitunguu saumu, oregano na shamari kwa dakika 1. Ongeza nyanya nzito, uikoroge dakika 2 mpaka wekundu wake ukolee kama tofali. Ukiruka hapa, supu itabaki na uchachu wa kopo.

Mimina mchuzi kama mililita 150, ukwangue kitako chote kwa mwiko wa mbao. Ukoko wa kahawia ni ladha, ukoko mweusi ni uchungu. Kama umeungua, usikwangue: hamishia mboga kwenye sufuria nyingine na uendelee nayo.

Hatua ya 4: Kutokosa

Rudisha soseji, tia nyanya, mchuzi uliobaki na maharagwe. Ikichemka, punguza moto mpaka mapovu yawe machache na ya polepole. Funika nusu, iache dakika 15.

Maharagwe makavu yalowekwe usiku kucha na yapikwe peke yake hadi yaive. Uchachu wa nyanya huyafanya yabaki magumu hata ukiyachemsha saa nzima. Ukitumia maharagwe mekundu, mwaga maji uliyolowekea na uyachemshe kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kwanza. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi.

Hatua ya 5: Tambi

Pima kwa mizani, kwa sababu macho hudanganya. Tambi kavu huvimba hadi kama mara mbili ya uzito wake, na maji hayo yote huyanyonya kutoka kwenye mchuzi wako. Gramu 200 ndicho kiasi cha sufuria hii. Ukitia 400, utapata ugali wa nyanya.

Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti, utoe dakika 2. Kama inasema 10, zima moto dakika ya 8, kwani tambi huendelea kuiva ndani ya mchuzi wa moto hata baada ya kuepuliwa. Mchuzi uwe unachemka vizuri unapozitia, na koroga dakika ya kwanza zisigandane chini.

Lakini kama supu haitaliwa yote usiku huo, chemsha tambi kando, zipake mafuta kidogo, na kila mtu awekewe zake kwenye bakuli kabla ya kumiminiwa supu. Kwa familia ndogo, njia hii ni bora zaidi. Tambi zilizolala kwenye supu asubuhi huwa zimevimba na kukatikakatika, na mchuzi umekwisha.

Hatua ya 6: Kumalizia

Tia spinachi, dakika 2 zinatosha. Kabichi au majani magumu yaingie pamoja na tambi. Onja sasa ndipo uweke chumvi, kwa maana soseji zimeshatoa yake. Kijiko 1 cha chai cha siki huiamsha supu iliyopoa kwenye ulimi. Ukipenda krimu, mililita 100, itie moto ukiwa umezimwa, vinginevyo uchachu wa nyanya utaikata.

Chumvi ikizidi, ongeza mchuzi usio na chumvi au maji. Kiazi kinachosifiwa kwa kazi hii hunyonya mchuzi wenye chumvi tu, hakichagui chumvi peke yake. Supu ikiwa nyepesi, ponda maharagwe upawa mmoja na uyarudishe.

Iliyobaki ipooze kwenye vyombo vipana na iingie jokofuni ndani ya saa 2. Hukaa siku 3 hadi 4. Ya kugandisha iwe bila tambi wala krimu, na ukiipasha, ichemke kabisa kabla ya kuchemsha tambi mpya kando.