Somo: Usiniulize tena kama uko fiti, jipime haya matano

Kila wiki naulizwa, "Mkuu, mimi niko fiti?" Fiti kwa lipi? Yupo anayekimbia saa nzima, lakini kuinama avae soksi ni kazi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

1. Pumzi, yaani moyo na mapafu. Kimbia dakika 12 mahali tambarare, ukichoka tembea, kisha andika umbali. Kipimo hiki alikitoa Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, mwaka 1968.

2. Nguvu. Uzito mkubwa kabisa unaouweza mara moja tu. Huna wa kukusimamia? Kipimo hiki kiache.

3. Stahamala ya misuli, yaani kurudia kazi mara nyingi bila kuchoka. Pushapu mfululizo. Kiuno kikilegea, hesabu imeishia hapo.

4. Unyumbufu. Kaa chini, miguu umeinyoosha, nyayo zimegusa ukuta, peleka vidole mbele. Rahisi, eti? Mimi nilijipima asubuhi, nimetoka tu kitandani. Vidole vikabakiza kama inchi mbili. Nikaona haya, nikaanza kujidundisha: moja, mbili, ya tatu nikasikia kitu nyuma ya paja kinachanika kama kitambaa. Wiki tatu nilipanda ngazi kwa mguu mmoja. Kwa hiyo pasha mwili dakika 5 hadi 10, mpaka kijasho kitoke. USIDUNDE. Sogea polepole, ukifika mwisho tulia. Kuhisi unavutika ni sawa, maumivu ya kuchoma acha hapo hapo. Na goti lisipinde, utajidanganya mwenyewe.

5. Muundo wa mwili, mafuta kwa misuli. Mizani haivitofautishi. Pima kiuno kwa utepe, bila kubana tumbo.

MASWALI

– Nipe ratiba ya kupata vyote kwa wiki mbili.
– Haipo. Umesoma kweli?

– Mbona kasi na wepesi hujaweka? Somo halijakamilika.
– Hizo huhesabiwa upande wa stadi za michezo. Nimesema matano, nimetoa matano.

– Mkuu, pushapu 60 napiga bila kusimama, ila mzigo mzito kuuinua toka chini unanishinda. Kwa nini?
– Swali zuri hili. Kwanza, 60 ni stahamala, si nguvu. Misuli huzoea kile unachoifanyisha. Ukitaka nguvu, chagua uzito unaouweza mara 5 tu, pumzika dakika 3, rudia. Pili, pushapu ni kifua na mikono, kuinua toka chini ni mapaja, makalio na mgongo. Hao hujawafundisha kabisa. Anza na uzito mdogo, mgongo ukae sawa.

– Nyongeza: mapigo ya moyo nayo hesabuni asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa sekunde 30, kisha zidisheni kwa mbili. Kadiri pumzi inavyoimarika, kwa kawaida hushuka.
– Kweli, ila msitumie kidole gumba, kina mpigo wake.
– Duh! Kumbe ndiyo maana namba zangu hazieleweki.