Meseji za kawaida, kuna vitu tunavipita tu

App ya meseji iliyokuja na simu wengi tunaifungua kusoma namba za siri za benki basi, ila ina mambo yake. Kwanza hesabu ya herufi. SMS moja inabeba herufi 160, na nafasi zinahesabiwa humo humo, ila ukitia emoji hata moja tu inashuka hadi 70, kwa hiyo meseji yako ya herufi 100 uliyomalizia na kikopa inaenda kama SMS mbili na kama unalipia kila SMS inakatwa mbili, ndo maana salio linaisha hujui limeendaje. Toa kikopa, atakuelewa tu.

Pili, kama unatumia Messages ya Google, andika meseji yako halafu usibonyeze kutuma na kuachia, shikilia hicho kitufe cha kutuma kwa muda kidogo, itakuletea uchague siku na saa ya kwenda. Mi naipenda hii kwa sababu mambo ya kazi huwa nayakumbuka usiku wa manane. Ila saa hiyo ikifika simu iwe imewaka na ina mtandao, la sivyo haiendi kwa wakati.

Kutafuta meseji ya zamani gusa alama ya lenzi, andika neno unalolikumbuka.

Na wale wa "umeshinda zawadi", usijibu wala usiguse linki. Shikilia hiyo meseji kwenye orodha, chagua kublock, maisha yaendelee.