Kabla hujaanza kusafisha jina CRB

Saa tano usiku, dada mmoja wa Kisauni anayeuza viazi karai aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Jamani nimewekwa CRB, nifanyeje?" Yaani jina lake limeandikwa kuwa halipi deni, kwenye shirika la kutunza taarifa za mikopo. Haikupita robo saa, majibu yakamiminika. Mmoja alimwambia atupe laini asajili nyingine. Mwingine alimwambia atulie miaka mitano, deni litajifuta. Wa tatu akamrushia namba ya "mtu wa ndani" anayefuta jina kwa Sh3,500. Hakuna aliyemuuliza anadaiwa na nani na kiasi gani. Tulipomuuliza asubuhi, yeye mwenyewe hakujua.

Kwa hiyo kabla hujaomba msaada kwa mtu yeyote, tafuta ripoti yako. Kenya ina mashirika yenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza taarifa za mikopo, yakiwemo TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja linatakiwa kukupa ripoti moja ya bure kwa mwaka. Metropol unaipata hata kwa simu ndogo ya kabambe, ukibonyeza *433#. Usitosheke na moja, kwa sababu deni ambalo huku halionekani, kule laweza kuwa limekaa limekusubiri. Na ujue pia kwamba kuwa CRB si sawa na kuharibikiwa. Karibu kila aliyewahi kukopa benki au kwa simu yumo humo, mlipaji mzuri na mbaya. Linaloumiza ni ile alama kwamba mkopo haulipwi, na kwa kawaida mkopo huhesabiwa hivyo ukipitisha siku 90 bila malipo.

Ripoti isome umekaa, na kalamu mkononi. Angalia jina la mkopeshaji, tarehe mkopo ulipotoka, salio, siku zilizopita, na hali ya akaunti. Hapo kwenye jina watu hupotea sana. Apu uliyoijua kwa jina tamu la mjini huenda kwenye ripoti imeandikwa jina la kampuni ambalo hujawahi kulisikia. Usikimbilie kusema umeibiwa kitambulisho. Linganisha tarehe na kiasi kwanza.

Ya yule dada ilikuwa na mistari minne. Mkopo wa simu wa benki, Sh6,800. Apu moja, Sh2,300. Mstari wa tatu ulikuwa Sh740, na huo haukufaa kuwepo kabisa: tangu kanuni za CRB za 2020, mkopeshaji haruhusiwi kupeleka jina la mtu kwa deni lisilofika Sh1,000. Wa nne ndio uliomtoa machozi. Ulikuwa wa sacco, na pesa zile hakukopa yeye. Alimdhamini wifi yake, akatia sahihi, akasahau. Mkopaji akishindwa kulipa, na mdhamini naye asipolipa, mdhamini huandikwa mwenye deni, na hili watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Baada ya ripoti, kusanya ushahidi kabla hujampigia mtu simu. Stetimenti ya M-Pesa unaiomba kwa *334# au kwenye apu yake, inakuja kwa barua pepe. Tafuta na meseji za zamani, kwa maana mkopeshaji anatakiwa akujulishe siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Ikiwa laini ile uliitupa, basi onyo lilikwenda kwenye laini uliyoitupa, na ndiyo maana ule ushauri wa kubadilisha namba ni wa kukupoteza. Deni limefungwa kwenye kitambulisho, halijafungwa kwenye laini.

Mimi mwenyewe hapa niliumia. Niliwahi kumaliza mkopo, kijana wa upande wa mkopeshaji akaniambia kwa simu, "Mzee, imekwisha hiyo," nami nikashukuru nikaenda zangu Marikiti kununua bizari. Sikuomba barua. Miaka miwili baadaye nataka mkopo wa tuktuk, naambiwa nadaiwa. Kumbe malipo yangu ya mwisho yaliingia kwenye namba ya akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa. Kilichoniokoa ni ile meseji ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi mwanzoni, ambayo kwa bahati sikuifuta. Tangu hapo, kila nikilipa deni, hata dogo, napiga picha ya skrini na kuomba barua ya kumaliza. Barua ile ina thamani kuliko pole na asante za simu.

Ukiona mstari wa makosa, kama ule wa Sh740, andika malalamiko kwa shirika lenye ripoti na kwa mkopeshaji pia. Ambatisha ushahidi, taja namba ya akaunti, weka tarehe. Fupi tu, hasira uiache nyumbani. Kumbuka mashirika haya hayakukopeshi na hayawezi kufuta deni kwa kupenda kwao. Yanaandika yanacholetewa na mkopeshaji, na marekebisho hutoka kwake.

Hapo ndipo yule "mtu wa ndani" anapofichuka. Taarifa ya kweli haifutwi kwa hongo ya Sh3,500. Ukilipa deni, hali inabadilika na kuonyesha limelipwa, lakini historia kwamba ulichelewa hubaki miaka mitano, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku uliyomaliza kulipa. Anayengoja bila kulipa bado hajaanza kuihesabu. Cheti cha CRB, kile kinachoombwa na waajiri, cha mara ya kwanza ni bure kwa kanuni hizo hizo za 2020. Anayekuuzia cha kwanza kwa bei ya shoka anakula jasho lako.

Kuhusu pesa yenyewe, piga hesabu ya unachoweza kutoa kweli kwa mwezi, baada ya kodi ya nyumba, karo na unga, ndipo uzungumze. Ukiahidi Sh2,000 ukatoa Sh500, umeharibu mazungumzo ya pili. Omba wapunguze adhabu, na waandike. Kwa mkopo wa benki ulioacha kulipika, Sheria ya Benki kifungu cha 44A inazuia riba inayoendelea kupanda isizidi kiasi cha mkopo wenyewe kilichobaki siku mkopo ulipoharibika. Kadirio lao likikuzidi akili, taja kifungu hicho kwa upole. Na kama umetumiwa ile meseji kwamba serikali inasamehe nusu ya mikopo ya simu, jua kwamba ule ulikuwa mpango wa Benki Kuu wa Novemba 2022, ukafungwa tarehe 31 Mei 2023. Kikundini kwetu bado unazunguka kama habari mpya.

Anayekutukana au kuwapigia jamaa zako kwenye orodha ya simu anavunja kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali. Hifadhi meseji zake, kisha tazama kwenye orodha ya Benki Kuu kama ana leseni.

Sasa kikundi. Faida yake naiona, sikidharau. Pale utampata aliyepita njia hiyo hiyo mwezi uliopita, atakwambia barua alivyoiandika, na atakuuliza Ijumaa kama umeituma. Wengi wetu tunakwama kwa aibu, siyo kwa kukosa ujuzi. Lakini usibandike picha ya kitambulisho pale, wala ripoti nzima. Funika namba, acha mistari unayoulizia. PIN na ile namba ya siri inayotumwa kwa simu hazitoki mkononi mwako, hata kwa msimamizi wa kikundi, hata kama ni jirani yako wa Bamburi mnayeswali naye. Na ukipewa ushauri, muulize mtoaji: wewe ulifanya, au ulisikia?

Juzi dada alituletea picha, namba zimefunikwa kwa rangi nyekundu. Ule mstari wa Sh740 haupo. Apu ya Sh2,300 amekwisha kuilipa, barua anayo. Wa benki amekubaliana nao miezi minne. Wa sacco hajaugusa. Jumapili, akimaliza karai za asubuhi, atavuka feri hadi Mtongwe akaonane na wifi yake, ana kwa ana, na ripoti ameikunja ndani ya mkoba.