Kutazama makombe ya baharini Shela, Lamu, maji yakipwa

Ngoja bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mchanga au mwezi mpevu. Maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, basi toka Shela saa mbili yakiwa yanashuka. Yakianza kujaa, geuka.

Kombe litazame mdomoni kwanza. Miguu ikiwa imejikunja ndani, ni nyumba ya kaa: mwache. Lenye umbo la pia ya kuchezea, pana huku na jembamba kule, usilishike kamwe, hata ukilidhania tupu. Mnyama wake hurusha mwiba wa sumu kutoka upande mwembamba, huvifikia hata vidole vilivyo nyuma, na dawa ya kuizima sumu hiyo haipo.

Jiwe ulilolipindua lirudishe. Viumbe vya chini yake hufa juani. Malindi, ndani ya hifadhi ya bahari, usiokote hata kombe tupu.