Wape stetimenti, nywila baki nayo
Juzi hapa Lamu nilikuwa naomba mkopo wa mashine ya boti kwa simu, programu ikataka jina na nywila ya benki yangu "kuunganisha akaunti". Nikarudi nyuma, nikawatumia stetimenti ya miezi mitatu. Wakaikubali.

Stetimenti inaonyesha pesa ilivyoingia na kutoka, basi; haiwezi kuhamisha hata shilingi. Nywila ni ufunguo wa nyumba nzima, na pesa zikipotea benki itakuuliza kwanza ulimpa nani. Stetimenti ya M-Pesa utaipata kwa *334#: inakuja kwa barua pepe, na msimbo wa kuifungua kwa ujumbe mfupi. Msimbo huo wakiutaka wape, unafungua faili hilo tu. Si pini yako!

Stetimenti haifai pale wanapotaka kuona salio kila siku. Hapo kubali tu ikiwa unaandika nywila ndani ya programu ya benki yenyewe. Tena stetimenti ina majina ya waliokutumia pesa, kwa hivyo usitoe ya mwaka mzima. Ulishatoa nywila? Ibadilishe sasa hivi, kisha wapigie benki.