Mwenzako akikaa nyuma ya darasa lako

Nafundisha maafisa tabibu hapa Tanga. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniona nikifundisha, isipokuwa mkaguzi na fomu yake.

Tafuta mwenza wa kutazamana mkifundisha, mnayelingana cheo. Mkuu wa idara hafai hata kama mnaelewana: utajikuta unamfundishia yeye, si wanachuo. Wangu ni mkufunzi wa uuguzi. Namwita Sista, ingawa kanizidi miaka miwili tu.

Siku moja kabla, ketini dakika kumi. Anayefundisha ndiye anayetaja cha kutazamwa, tena kimoja. Nilimwambia, "Sista, hesabu nanyamaza muda gani nikishauliza swali." Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliona kuwa walimu husubiri kama sekunde 1 tu, wakisubiri 3, majibu hurefuka. Nilijiona mvumilivu.

Tulikuwa kwenye kupima presha. Daftari la Sista lilisema: "4:12, auliza kwa nini mkanda mdogo husomesha presha juu. 4:12, ajibu mwenyewe." Maswali kumi na moja, tisa nimejijibu!

Hapa ndipo wengi huharibu. Usiandike "ana haraka" wala "kafundisha vizuri". Andika ulichoona na kusikia, pamoja na saa. Beverly Showers na Bruce Joyce, walioieneza njia hii kwa walimu wa shule Marekani miaka ya 1980, kufikia 1996 walikuwa wameacha kabisa kutoa maoni baada ya somo, maana yaligeuka ukaguzi. Kwao anayefundisha ndiye kocha, na mtazamaji ndiye anayejifunza. Mimi sijafika huko, bado nataka kusomewa daftari. Ila Sista akimaliza kusoma, lazima aseme yeye kaondoka na nini.

Wodini, mwombeni mgonjwa ruhusa kwanza. Ukiona atadhurika, sema papo hapo, daftari litasubiri.

Zungumzeni siku hiyohiyo, mbali na ofisi. Sisi huenda Ngamiani kwa kahawa na kashata. Karatasi hubaki kwa aliyefundisha.

Kisha badilishaneni ndani ya wiki. Alhamisi nikakaa mimi nyuma. Sista aliuliza swali, akanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, nikitamani kujibu mimi. Binti wa kona ya dirishani, ambaye kwangu hajawahi kusema neno, akanyoosha mkono.